Niobiamu na Vigingi vya Sukulu

Mwaka 1955, basi la Jinja lilipoondoka Mbale, Jashbhai, mwuza vitambaa, alifumba macho apate usingizi. Waliokaa kiti cha mbele hawakumruhusu. Kibarua mmoja wa wapima madini, Eriya, alikuwa akimweleza mama mmoja mzee kazi yao kwenye vilima vya Sukulu, karibu na Tororo.

"Tunachimba udongo mwekundu, mama, tunauosha mpaka tope linaisha. Sumaku inavuta chuma. Kinachobaki kinakwenda Ulaya, kinatiwa tindikali na moto, ndipo inatoka niobiamu, madini ya kuimarisha chuma."

"Lori zima linabakiza nini?"

"Bakuli moja."

"Mimi nikipepeta ulezi wa lori zima nikabaki na bakuli moja, mume wangu atanirudisha kwetu."

Jashbhai akafumbua jicho moja.

"Lakini injini ya ndege yenye madini hayo haiyeyuki," Eriya akasisitiza.

"Na hiyo ndege itakuja kupalilia muhogo wangu? Maana vigingi vyenu vya kupimia mmevipiga katikati ya shamba."

Eriya akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, ni hivyo vinavyopotea kila wiki? Bwana mkubwa ananilaumu mimi."

"Habari ya kupotea siijui. Najua vinawaka vizuri."

Jashbhai akaziba kicheko kwa leso.

"Jumatatu nitavipiga tena, mama."

"Karibu. Leta vinene."

Basi likasimama Tororo. Wakashuka pamoja, Eriya amembebea mama kikapu, bado wanabishana.