Asubuhi Teksi ya Baba Ilipokataa Kuwaka

Benchi letu liko kati ya dirisha la chumba chetu na ubavu wa teksi ya Baba, na hapo ndipo ninapouza kahawa tangu nilipoacha shule. Niliacha mwaka huu, Baba alipopata kiharusi. Mama anasafisha ofisi za watu tangu alfajiri, na lazima awepo mtu wa kumgeuza Baba na kumlisha. Baba hasemi tena. Upande wake wa kulia umelala, wa kushoto unamtii kidogo. Wateja wangu wa kila siku ni watatu: Babu Breki, aliyeendesha mabasi mpaka macho yakamkataa, Kamusi, karani mstaafu mwenye jibu la kila kitu, na Soli, fundi viatu, ambaye hufungua kazi akishakunywa kahawa. Wao ndio walioanzisha desturi. Kila asubuhi Babu Breki anapitisha mkono kwenye dirisha la teksi, anazungusha funguo, injini inanguruma, Baba anaisikia kitandani. Wanakunywa kikombe kimoja, kisha wanaizima. Hakuna anayekaa kwenye kiti cha dereva, maana Soli aliapa kwamba kiti kile kinamngoja mwenyewe. Na mimi uji wa Baba naupeleka injini ikiwa inanguruma, kwa kuwa tuliona ndipo anapofungua mdomo. Asubuhi hiyo Babu Breki alizungusha funguo, tukasikia tak. Akazungusha tena. Tak.

— Limekohoa, — alisema Soli.

— Anayekohoa ana pumzi. Hili limegonga ulimi tu, — alisema Babu Breki. — Mjukuu wangu, washa taa za mbele.

Nikawasha. Soli akaenda mbele ya gari, akaikinga taa na jua kwa kiganja.

— Zinawaka? — aliuliza Babu Breki.

— Zinawaka kama macho ya mtu aliyeamshwa kwa nguvu.

— Basi ni betri. Stata inayozungusha injini ingekuwa mbovu, taa zingebaki kali. Taa zikififia namna hiyo, betri haina kitu tumboni.

Kamusi alikuwa anafuta miwani. Akaivaa kwanza ndipo akasema.

— Breki, usikimbilie hukumu. Betri ni shahidi tu. Mshtakiwa ni alternata.

— Hiyo nayo ni nani? — aliuliza Soli.

— Ndiyo inayoilisha betri gari likiwa linawaka. Betri inatoa moto wa kuwashia, alternata inaurudisha. Isiporudisha, betri inabaki kutoa tu.

— Kama mimi na shemeji yangu na baiskeli yangu.

— Wewe baiskeli yako ilikuwa haina hata breki, — alisema Babu Breki. — Shemeji yako amekuokoa.

Walicheka kidogo, kicheko cha kuazima. Mimi sikucheka. Sufuria ya uji ilikuwa pembeni ya birika, na uji ulikuwa unaanza kuvaa ngozi. Muuguzi anayepita mtaani alikuwa ametuambia wazi: Baba akiendelea kupungua, arudishwe wodini. Na ni huko wodini alikokaribia kutuacha. Jana jioni alimeza maji tu. Nilikuwa naitegemea asubuhi hii.

— Jamani, uji unapoa, — nilisema.

— Tunajua, mwanangu, — alisema Kamusi. — Fungua boneti.

Tukafungua. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe wenye ukijani. Kamusi akaunyooshea kidole kama amemkamata mwizi.

— Si huo! Uchafu huo unazuia moto kupita. Leta maji ya moto.

Nikaumwagia maji niliyokuwa nimechemsha kwa ajili ya kahawa ya pili. Soli akaleta brashi yake ya viatu, akasugua vichwa vyote viwili mpaka vikang'aa, akakaza waya kwa koleo. Babu Breki akapitisha mkono dirishani.

Tak.

— Viatu vingekuwa vimeshapendeza hivyo, ningelipwa, — alisema Soli kwa huzuni.

Nilichungulia dirishani kwetu. Baba alikuwa amegeuzia macho upande wetu. Mdomo wake ulikuwa umefungwa, na midomo imekauka.

— Anasubiri, — nilisema.

Hapo ndipo walipoanza kuongea kwa haraka, kila mmoja juu ya mwenzake.

— Mimi nasema ni ukuta, — alisema Soli. — Gari limeegeshwa karibu mno na nyumba. Ukutani mna nyaya za umeme. Umeme mkubwa unaunyonya mdogo, usiku kucha.

— Sasa wewe unayelala umeegemea ukuta mbona hujanyonywa? — aliuliza Babu Breki.

— Nimenyonywa. Niangalie.

— Ni baridi, — alisema Kamusi. — Betri ina maji ndani. Maji yanajikunja. Moto nao unajikunja.

— Baridi gani, na shati limekuganda mgongoni?

— Baridi ya ndani, Breki. Kuna baridi ya ndani.

Babu Breki akafunga boneti taratibu, kama anamfunika mtoto.

— Mimi niwaambie kitu mtacheka, — alisema. — Basi langu la mwisho lilikuwa linaujua mkono wangu. Siku nilipomzika marehemu mke wangu walimpa dereva mwingine. Halikuwaka. Mafundi walikuja wakaondoka. Niliporudi, nikaligusa tu likawaka. Gari linajua.

— Sasa hili limejua nini? — aliuliza Soli.

Babu Breki akatazama dirisha letu. Kamusi akavua miwani tena, ingawa ilikuwa safi. Soli naye akaona alichokiuliza, akainamia vidole vyake vyeusi vya rangi ya viatu.

Lori la maji likasimama kando ya barabara. Aliyeshuka alikuwa dada mmoja mnene wa mabega, amefunga kitambaa kichwani, suruali yake imelowa mpaka magotini. Hatukuwahi kumwona.

— Hamjambo hapo. Kahawa ipo?

— Kahawa ipo, dada, ila maji ya moto yameishia kwenye betri, — nilisema.

Akatutazama, kisha akatazama teksi.

— Haiwaki?

— Alternata, — alisema Kamusi.

— Ukuta, — alisema Soli.

Babu Breki akafungua boneti tena.

Dada wa Maji hakubishana. Alilisogeza lori mpaka pua yake ikakaribiana na ya teksi, akatoa waya mbili nene, nyekundu na nyeusi, na kidude cha kupimia umeme chenye ukubwa wa redio ndogo. Akapima betri yetu kwanza.

— Volti kumi na moja na kidogo. Betri iliyoshiba inavuka kumi na mbili na nusu. Hii ina njaa.

Akaunga waya, akaliacha lori likinguruma kwa muda.

— Haya, mzee. Jaribu.

Babu Breki akazungusha. Injini ikajivuta, ikajivuta tena, ikashika. Soli akapiga paa la teksi kwa furaha. Kamusi akasema alijua tangu mwanzo, na hakuna aliyemuuliza alijua nini. Mimi nilikuwa nimeshaikamata sufuria.

Dada akachomoa waya zake, akapima tena injini ikiwa inanguruma.

— Kumi na nne. Alternata nzima kabisa. Inarudisha vizuri.

— Sasa tatizo nini? — aliuliza Kamusi, na safari hii aliuliza kweli.

— Mnaliwasha mara ngapi?

— Kila siku asubuhi.

— Linakaa muda gani?

— Kikombe kimoja cha kahawa, — alisema Soli. — Halafu tunazima.

— Linatembea?

— Halitembei.

Dada akajifuta mikono kwenye suruali. Nilisimama mlangoni na uji wangu, nikaona anatafuta namna ya kusema.

— Kuwasha gari ndiko kunakokula betri kuliko chochote, — alisema. — Ukishawasha, linahitaji kutembea ndipo betri irudishiwe ilichotoa. Kikombe kimoja hakirudishi. Kila siku mmechota, mkarudisha nusu. Kwa hiyo betri haikuharibika yenyewe, baba zangu. Ni kuwasha huku ndiko kunakoiua.

Babu Breki alikaa kwenye benchi. Mzee aliyeendesha mabasi maisha yake yote, na hilo alikuwa analijua. Niliona usoni kwake kwamba alikuwa analijua, na kwamba hakutaka kulikumbuka.

— Sasa msizime, — alisema Dada. — Mkizima haliwaki tena. Mmoja akae alizungushe mjini kwa saa nzima.

Hakuna aliyesogea.

— Hamjui kuendesha?

— Kiti kina mwenyewe, — alisema Soli.

— Yuko wapi?

Soli akaonyesha dirisha letu kwa kidevu. Kamusi ndiye aliyemweleza: kiharusi, kitanda, injini ya asubuhi, uji. Alieleza vizuri, kama karani anayesoma shauri la mtu anayempenda.

— Akiisikia anafurahi sana, — alimalizia. — Machozi yanamtoka. Na anapigapiga godoro kwa ule mkono mzima. Hivi.

Kamusi akapiga benchi kwa kiganja kilichotazama chini, taratibu, juu chini, juu chini.

Dada aliutazama mkono wa Kamusi. Yeye ni dereva, na barabarani kiganja kinachopigapiga chini namna hiyo humwambia mwenzako: punguza, simama. Babu Breki naye ni dereva, na akautazama pia, kama anauona kwa mara ya kwanza.

— Mlimuuliza? — alisema Dada.

— Kumuuliza nini?

— Kama anafurahi.

Injini ilikuwa inanguruma. Kamusi, mwenye jibu la kila kitu, alitazama kiganja chake kama cha mtu mwingine. Kisha wote wakanigeukia mimi. Tangu aliporudi kutoka wodini nilikuwa nimemwambia Baba mambo mengi. Nilimwambia kula, nilimwambia geuka, nilimwambia gari lako linakungoja. Kumuuliza, hapana.

Nikaingia ndani. Sauti ya injini chumbani ni kubwa kuliko nje, kwa sababu dirisha liko juu ya kichwa chake. Kila jitihada ya stata aliisikia hapo, siku baada ya siku, ikizidi kuwa nzito. Machozi yalikuwa yanamtoka kwenye jicho la kushoto kuelekea sikioni. Mkono ulikuwa unapiga godoro, kiganja chini.

Nikaweka sufuria sakafuni, nikapiga magoti.

— Baba. Ukifumba macho ni ndiyo. Umenielewa?

Akafumba, akafumbua.

— Gari linakufurahisha?

Alinitazama. Macho yake yalibaki wazi, na nilisubiri mpaka yangu mwenyewe yakaanza kuuma.

— Unataka tulizime?

Akafumba. Hakuyafumbua upesi.

Nikamfuta machozi. Nilitaka kumuuliza tangu lini, lakini nilikuwa najua mkono ule ulianza asubuhi ya kwanza ya injini, kwa hiyo sikuuliza. Nikatoka.

Walikuwa wamesimama wote, hata Dada wa Maji, na waya zake zimezungushwa begani. Babu Breki alikuwa ameshika kofia yake mkononi.

— Anasemaje, mjukuu wangu?

Nikapita katikati yao, nikaingiza mkono dirishani mwa teksi, nikazungusha funguo kurudi nyuma. Injini ikakata. Mtaani kulikuwa na sauti nyingine nyingi, za watoto na za ndoo.

Nikarudi ndani kwenye uji wa Baba.