Kofia ya Roketi Nyumbani kwa Mzee Kisilu Nyamai

Marehemu Kisilu Nyamai alizaliwa Kangundo mwaka 1928, mtoto wa tatu wa Nyamai na Nzembi. Alisoma hadi darasa la nne, kisha ng'ombe wa babake wakamwita. Hesabu alizijua, kalamu ilimpiga chenga maisha yake yote. Mwaka 1953 alimwoa Mbeti, wakaishi Makadara, Nairobi, na 1977 wakahamia mtaa wa Umoja.

Alikuwa dereva wa lori. Kuanzia 1968 alipeleka mizigo Ngomeni, pwani, ambako Waitaliano walirusha roketi kutoka baharini. Huko akapatana na fundi mmoja, Renzo. Watu walishangaa, na haki yao! Marehemu alikuwa mzee wa kanisa asiyegusa hata maji bila maombi, naye Renzo hakuamini Mungu. Lakini kila akija Nairobi alilala kwetu. Siku moja marehemu aliomba hadi muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, ukapoa. Renzo akasema, "Mzee, Mungu ameshasikia. Tumbo bado." Marehemu alicheka mpaka akafuta machozi.

Mwaka 1978 Renzo alituletea tende ndani ya chombo cha chuma chepesi, kilichoungua ukingoni. "Hii kofia ya roketi, ile ncha yake ya juu," alisema. Mama akakijaza maharagwe kabla ya kukirudisha, maana kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Renzo naye akakirudisha na kahawa. Kilienda na kurudi hivyo mwaka mzima, hadi Renzo alipougua akapelekwa kwao, chombo kikiwa kwetu.

Hapo maneno yakaanza. Umoja nayo! Eti Kisilu ameiba mali ya Wazungu. Jirani yetu, Mzee Gachanja, aliyafikisha kanisani, na 1981 marehemu akavuliwa uzee wa kanisa hadi akipeleke chombo hicho kituo cha polisi. Akakataa katakata. "Nilipewa na Renzo. Kitarudi kwa Renzo, tena kimejaa." Mimi Kavutha, bintiye, nilimwandikia Renzo barua sita kwa niaba ya Baba. Kimya. Miaka mitano Baba alikaa kiti cha nyuma kanisani. Iliniuma, siwafichi.

Aliugua figo Januari mwaka huu wa 1986, akafariki Jumanne, tarehe 10 Juni.

Alhamisi barua ikafika. Karatasi hizi za mazishi zilikuwa tayari zimechapwa. Tulizirudisha zichapwe upya. Renzo anasema: "Ndugu Kisilu, nimehama mara tatu, barua zako zimenifikia zote pamoja. Ile kofia ilikuwa ya kutupwa. Mkubwa wangu alinipa kwa maandishi, na karatasi yake ni hii. Usinirudishie. Kaa nayo, nitakuja tule."

Mzee Gachanja aliisoma mara mbili, akaketi, akalia. Ameomba kubeba jeneza. Mama amemkubalia.

Marehemu ameacha mjane, Mbeti, watoto Kavutha, Mativo na Maingi, wajukuu saba, na rafiki yake Renzo, ambaye bado hajui kwamba amefiwa. Jumatatu nitamwandikia.

Mzee wa Kanisa Kisilu Nyamai, pumzika kwa amani.