Utani Niliomnyima Mjukuu Wangu

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu, na amani yake imfikie kila atakayesomewa maneno haya!

Mimi ni mzee wa Kimakonde niliyeshuka kutoka nyanda za juu nikakaa Palma, huku kwetu Msumbiji. Sikuingia darasani hata siku moja. Anayeandika ni mjukuu wangu Damiani, mtoto wa marehemu binti yangu, na habari yenyewe ni yake. Nilimwuliza mara mbili kama anaridhia isomwe mbele za watu. Akanijibu, "Sema, babu. Kalamu ninayo mimi, usiponifurahisha, nitafuta." Zamani, kwa jibu kama hilo, ningeinua fimbo. Hapo ndipo ushuhuda wangu unapoanzia.

Ndugu zangu, desturi yetu mnaijua. Baba hazungumzi na mwanawe habari za chumbani, ni aibu. Mjomba naye huheshimiwa. Lakini babu na mjukuu ni watani: mjukuu humwuliza babu lolote huku akicheka, na babu humwita mke wa mjukuu "mke wangu". Wazee waliotutangulia waliuacha mlango huo wazi kwa makusudi. Mimi niliufunga! Nilisema utani ni upuuzi usiofaa nyumba ya Mkristo. Aliyenitania alilala na njaa. Nikajiona mtakatifu.

Ikaja miaka ya gesi, ilipogunduliwa baharini kwetu. Mji ukakosa utulivu: malori, wageni, vijana wamesimama barabarani tangu asubuhi wakingoja kuitwa kazini. Damiani akapata kazi ya mkataba jikoni, katika kambi ya kampuni ya gesi kule Afungi, ndani ya uzio. Nikamwoza Anjelina, binti wa wakulima wa Diaca, nikasema: sasa nyumba yangu imesimama.

Haikusimama. Kila Damiani alipopewa mapumziko, hakutulia. Alibomoa jiko akalijenga upya. Aliezua paa lisilovuja. Alikwenda Namoto, mpakani na Tanzania, akarudi mikono mitupu. Alikunywa maji kama aliyetoka kuchimba kisima, huku akikonda, na pale alipokojolea nyuma ya nyumba walijaa sisimizi. Niliwaona kwa macho yangu! Nikawamwagia majivu, nikamkemea kwa uchafu, nikaondoka. Moyo wangu nao haukutulia. Nilizunguka ua tangu asubuhi kama kuku anayetafuta pa kutagia, lakini sikumwuliza neno.

Mwezi wa saba wa ndoa, Anjelina akafunga kanga zake akarudi kwao. Wiki iliyofuata akaja mjomba wake. Kiti nilichompa hakukikalia.

"Mzee, nimekuja kwa heshima," akasema. "Jogoo wako hapandi mtungi."

"Labda mtungi wenyewe una ufa!" nikamjibu.

Ndugu zangu, nilitamka hayo juu ya binti asiye na kosa! Mjomba akatikisa kichwa. "Nakupa mpaka Jumapili ya Matawi. Pasipo jibu, binti yetu harudi tena."

Sikumwita Damiani ili nimwulize, nilimwita nimhukumu. Nikasema wanaomwonea wivu wa kazi wamemfunga, au ana pepo. Nikamwamuru afunge siku tatu bila kula, kisha aombewe. Hakubisha. Nani angenibishia? Siku ya tatu akaanguka uani, mdomo umekauka, macho yasinitambue. Mfukoni mwake nikakuta vidonge vimefungwa katika kipande cha gazeti. Tukampakia kwenye pikipiki, kati yangu na dereva, nami nikamshikilia kifuani nikilia, "Yesu, usimchukue!"

Hospitalini wakampima, wakamtundikia maji. Alipopata nguvu akaja daktari, mwanamke kijana wa kutoka kusini, asiyejua Kiswahili. Akamwuliza maswali kwa Kireno. Nilikuwa kando ya kitanda na sikuelewa hata neno moja. Lakini niliona! Mjukuu wangu, niliyemlea kwa kumnyamazisha, alizungumza kama mfereji uliozibuliwa, machozi yakimtiririka. Alimwambia mgeni, tena mwanamke, kwa lugha nisiyoijua, yale ambayo hakuthubutu kuniambia mimi kwa lugha ya mama yake. Hilo lilinichoma kuliko maneno ya mjomba.

"Umemwambia nini?" nikauliza daktari alipotoka.

Akageukia ukutani. "Babu, maneno hayo huyataki nyumbani kwako."

"Hapa si nyumbani kwangu. Sema."

Akasema. Kwamba tangu mwezi wa pili wa ndoa mwili wake ulikuwa haumtii. Kwamba vidonge alivinunua kwa mchuuzi kule Namoto, akawa anavimeza viwili viwili kwa hofu. Kwamba daktari amekuta sukari nyingi katika damu yake. Sukari hiyo ikikaa mwilini huharibu mishipa, na nguvu za kiume hupungua hata kwa kijana, na hofu ikazidisha. Kwa wengine, daktari alimwambia, sababu huwa ni shinikizo la damu, au pombe, au tumbaku, au mawazo tu. Ndiyo maana mtu hupimwa kwanza, hapewi kidonge kwa kubahatisha. Vidonge vile pamoja na mfungo wangu vilikaribia kumwua.

Nikawakumbuka wale sisimizi. Sukari! Wadudu walijua kabla yangu.

Kumfariji mtu sikuwahi kujifunza. Nikaketi kitandani pake nikasema, "Sikiliza, mwenzangu. Mwaka niliorudi kutoka vitani, nilikaa miezi minne nikimwambia bibi yako kwamba mgongo unaniuma. Haukuwa mgongo. Wala bibi yako hakudanganyika."

Damiani akageuka, akacheka mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha. Haleluya! Siku ile tulifunguliwa sote wawili!

Siku mbili kabla ya Jumapili ya Matawi nilikwenda Diaca. Mbele ya mjomba nikaketi chini, juu ya mkeka. "Mtungi hauna ufa," nikasema. "Ufa ulikuwa kinywani mwangu. Mjukuu wangu ni mgonjwa na anatibiwa. Naomba radhi."

Anjelina, aliyekuwa akitwanga karibu yetu, akauweka mchi chini. "Angeniambia anaumwa, ningekwenda naye hospitali mwenyewe," akasema. "Mimi nilidhani hanitaki."

Akarudi. Daktari alitaka kuwaona wote wawili, nao wakaenda wote wawili.

Sitawadanganya, ndugu zangu, maana nasema mbele za Mungu. Haukuwa muujiza wa asubuhi moja. Damiani humeza dawa ya sukari kila siku, ameacha soda za kambini, hupimwa kila anapoitwa. Nguvu zilirudi polepole. Zikaja, zikaenda, zikaja tena. Sukari bado anayo. Na mkataba unapokaribia kwisha, namwona akianza kuzunguka ua, nami nazunguka nyuma yake. Lakini sasa tunazunguka tukizungumza.

Namshukuru Mungu aliyemfikisha daktari yule mahali petu. Kijana unayesikia haya na moyo unakupiga, mtegemee Bwana, kisha inuka uende ukapimwe; kwenda hospitali si kukosa imani! Nawe mzee mwenzangu unayejivunia ukali, fungua mlango uliofungwa. Watanie wajukuu wako, ili siku ya kulia waijue njia ya kwako.

Jana Anjelina aliniletea chai mbele ya wageni, akasema, "Mume wangu, kunywa upesi, maana huyu mwenzio kijana ameanza kukushinda." Damiani ameiweka kalamu chini, anacheka. Nimemwamuru aiokote na aliandike hilo pia. Bwana na asifiwe!