Mtungi wa Chini ya Kitanda

Sogeeni, wanangu, na wewe mkwe wangu ingia, ingawa najua masikio yako yako chumba cha pili kwa mwanao Boen. Funga dirisha, Lien Nio. Hayo matarumbeta ya Mholanzi yanayofanyiwa mazoezi ya kumsimika kaka yako Ukapiteni keshokutwa sitaki kuyasikia. Nisikilizeni mpaka mwisho, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia maneno.

Ghala la sukari na nyumba hii ni vya Hok Liong. Duka la vitambaa ni la Lien Nio, na asije mwanamume yeyote akamwambia mwanamke harithi. Hayo mepesi. Zito ni hili la muhuri. Mimi, Tjoa Sien Gwan, nimekuwa Kapiteni wa Wachina wa mji huu miaka ishirini na sita. Mholanzi alinipa muhuri niandikishe ndoa, vizazi na makaburi ya watu wetu, na hata walionichukia walinivulia kofia. Mnajua wenyewe, kaburi lisilowekewa karatasi chini ya jiwe siku ya Cengbeng, tunapofagia makaburi ya wazee wetu, huhesabiwa halina mwenyewe, na Kapiteni akishagonga muhuri, hufukuliwa.

Babangu alipofariki, mpimaji wa makaburi alinipandisha kilimani akanionyesha mahali pamoja tu, mlima mgongoni, bahari mbele. Atakayelala hapa, akasema, ukoo wake utashika muhuri vizazi vitatu. Palikuwa na mtu tayari: mzee Gouw, baba yake Tiang Seng, yule muuza tofu wa mtaa wa chini. Tamaa ilinipofua, wanangu. Cengbeng ilipopita nilipanda peke yangu asubuhi, nikainua jiwe, nikaichomoa ile karatasi, nikaitia mfukoni. Kisha nikaandika: halina mwenyewe.

Tiang Seng alikuja na ndoo zake bado begani, akapiga magoti pale barazani. "Kapiteni, niliiweka kwa mkono wangu juzi, mke wangu shahidi!" Nikamwambia, "Basi nionyeshe." Nionyeshe! Na karatasi iko kwangu mfukoni. Alinitazama, akainuka, akasema, "Haya, Kapiteni. Na wewe utamtafuta wa kukuwekea karatasi."

Kaburi likafukuliwa, babangu akalazwa pale. Mla cha mwenzie na chake huliwa. Cengbeng iliyofuata kaka yenu Hok An alianguka kutoka ghorofani kule ghalani. Miaka mitatu baadaye, wiki ileile, homa ikamchukua Hok Tjiang. Marehemu mama yenu hakujua kwa nini nilikuwa nikitetemeka kila sikukuu ile ikikaribia. Sasa Hok Liong umebaki mwana wa kiume peke yako, mwanao Boen anaungua homa tangu jana, na Cengbeng ni keshokutwa, siku yako ya kusimikwa. Usiniambie naweweseka. Nimekuona ukimkonyeza mkeo.

Ule mtungi ulio chini ya kitanda hiki, niliowaambia una maharage ya kuchacha, nikamchapa Lien Nio siku aliyotaka kuufunua, ndimo alimo mzee Gouw. Niliagiza mifupa itupwe mtoni. Moyo ukanishinda, nikaileta nyumbani, nami nimelala juu yake miaka kumi na tisa. Karatasi yake imo humohumo.

Kesho mfukueni babu yenu, mzee Gouw arudi mahali pake. Mtungi aubebe Hok Liong mwenyewe, mchana kweupe, apite nao sokoni watu wamwone, mpaka mlangoni kwa Tiang Seng, akapige magoti kama alivyopiga yeye. Ndiyo, Mholanzi atasikia, na muhuri atapewa mwingine. Luteni Kwee na wanawe, mahasimu wetu wa siku zote, watacheka mpaka mbavu ziwaume. Waache wacheke! Muhuri au mtoto, mwanangu, viwili huvipati.

Mimi nizikeni popote, na msiniwekee karatasi mpaka mzee Gouw awekewe yake na watu wake... Maji, Lien Nio. Kidogo tu... Nishike mkono. Mbingu ziwape uzee, wanangu, ziwape riziki ya halali, na mkifa mpate wa kuwawekea karatasi.

Nani amefungua dirisha? Matarumbeta hayo... Hok Liong, sijasikia mtungi ukivutwa. Uko wapi? Inama, mwanangu... Inama uuvute.