Madawati Tuliyoyatoa Nje

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa Bodi, ndugu wafadhili mliotoka mbali, walimu wenzangu, na wewe Mkurugenzi tunayekuaga leo: nawasalimu nyote, na poleni kwa joto la ukumbi huu.

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ambayo picha yake iko hapo ukutani. Ofisi ya Mkurugenzi iliniletea hotuba iliyokwisha kuandikwa, kurasa mbili, hata pa kutabasamu nimeonyeshwa. Jamani, tangu lini mtu akaandikiwa shukrani zake? Dalili ya mvua ni mawingu. Ile karatasi nimeiacha nyumbani.

Tumsifu Mkurugenzi, anastahili. Alianza kwa kutangaza sabuni, na sisi kina mama tukainunua, ingawa povu lake tuliliona kwenye televisheni tu. Kisha akahamia kwenye shirika hili la kuchangia elimu ya watoto, miaka kumi na minne, na leo anapanda kwenda makao makuu kusimamia michango ya nchi ishirini. Kuna ubaya gani mtu kupanda? Hakuna. Nauliza tu, alikanyaga wapi?

Siku alipokuja kwetu na mpiga picha wake nilifurahi kupita kiasi. Darasa la tatu lilikuwa na madawati ishirini. Akayatazama, akakuna kidevu, akasema, "Mwalimu, haya yanatuharibia kazi. Tuyatoe nje kidogo." Nami bila kuuliza nikashika upande mmoja, yeye upande wa pili, tukaanza. Watoto wakaketi sakafuni, picha ikapigwa, na kabla ya kengele ya mapumziko madawati yalikuwa yamerudi. Naona aibu mpaka leo, wala simlaumu yeye peke yake.

Chini ya picha hiyo, ndiyo hii ya ukutani, wakaandika kwamba binti huyu wa mbele aliacha shule kwa kukosa dawati. Ndugu wageni, hakuacha hata siku moja! Baba yake ndiye seremala aliyeyachonga madawati yale. Alipoiona picha kwenye bango la barabarani, kubwa kama nyumba, alikuja ofisini kwangu akauliza, "Mwalimu, kazi yangu mliificha wapi?" Hajanisalimia tena.

Binti mwenyewe yule pale, safu ya tatu. Sasa ni mwalimu, na anafundisha darasa lile lile. Na juzi nimepokea barua ya shirika: mpiga picha anarudi wiki ijayo, tutayarishe chumba kimoja kitupu. Kitupu cha nini? Nilipomwonyesha binti barua hiyo alinijibu, "Mama, yakitoka madawati, natoka nayo, na sirudi." Upande wa pili nimedokezwa kwamba nikikataa, ujenzi wa maktaba yetu utasimama. Basi usimame. Maktaba tutaingoja, mwalimu kama huyu sitampata tena.

Mkurugenzi, mgeni haagwi mikono mitupu. Siku ile karani wetu naye alikuwa na kamera yake ndogo, na picha aliyoipiga ni hii hapa: wewe na mimi tumebeba dawati, tunaelekea mlangoni, tunacheka. Chini hatukuandika kitu. Wewe ndiye bingwa wa maneno ya chini ya picha, na kalamu hii hapa. Andika, tukusomee.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia. Nimesimama hapa hapa, namsubiri amalize.