Mzee Tela Anashuka Baiskeli

Ijumaa hii, tarehe 20 Machi, tarishi wetu na kiongozi wa msafara wa baiskeli anastaafu baada ya kuitumikia shule hii miaka ishirini na sita na miezi miwili. Watoto wanamwita Mzee Tela. Walimu nao wanamwita hivyo hivyo, na juzi nimeona hata jalada lake ofisini limeandikwa jina hilo kwa penseli.

Aliajiriwa kupeleka barua na kufungua madarasa. Mwaka wake wa pili kazini barabara kuu ilipanuliwa, na wazazi wa ng'ambo ya barabara wakaanza kuwazuia watoto nyumbani kwa kuogopa magari. Hakuna aliyemtuma. Asubuhi moja alipanda baiskeli yake, akawakusanya watoto saba wa mtaani kwake wenye vibaiskeli vyao, akawavusha, na kengele ikawakuta wameshakaa darasani. Kesho yake walikuwa kumi na mmoja. Leo msafara una watoto ishirini na wanne na vituo vinane, kuanzia mlangoni kwa fundi cherehani hadi kona ya fundi baiskeli, kona ninayoipenda kuliko zote duniani.

Tela ni kazi ya mikono yake. Anasema mtoto mwenye mzigo mgongoni huyumba, na shingo yake haigeuki kutazama nyuma. Basi alichomelea vyuma vya kitanda cha zamani, akaweka magurudumu mawili na turubai la bluu, akalifunga nyuma ya baiskeli. Humo yamepita mabegi, chupa za maji, viatu vya michezo, na kwa wiki nzima ngoma kubwa ya bendi ya shule, iliyolia yenyewe kila tulipopita kwenye shimo. Mtoto mdogo kuliko wote hukaa nyuma yake moja kwa moja, na mwendo wa mtoto huyo ndio mwendo wa wote. Wakubwa wa darasa la saba humtania kwenye mlima, "Mzee Tela, tukusukume?" Naye huwajibu kwamba bibi yao, yaani mkewe, ameshamuuliza swali hilo asubuhi, alipokuwa akiinama kuvaa soksi.

Siku moja tulifika shuleni tukiwa na mtoto wa ziada. Mvulana wa darasa la pili alikuwa amemficha mdogo wake wa miaka mitatu chini ya turubai, kwa kuwa mdogo huyo alilia kila siku akitaka kusoma. Mzee Tela hakumgombeza mtu. Alimpigia simu mama yao, akamwomba amwache mtoto kipindi kimoja, akakaa naye dawati la nyuma akiwa amekunja magoti hadi kidevuni, kisha akamrudisha nyumbani ndani ya tela kama mfalme.

Mimi ni karani wa maktaba, na kwa miaka minne nimekuwa mtu wa nyuma katika msafara. Mniwie radhi nikichanganya sifa zake na furaha yangu, kwa sababu siwezi kuzitenganisha. Ni yeye aliyekuwa akinituma kila wiki kwa fundi wa kona ile nikakaguliwe tairi ambazo zilikuwa zimejaa hewa tele. Fundi naye alikagua kila moja kwa dakika ishirini, kisha akasema nirudi Jumatano. Jamani, ni wiki saba sasa tangu tufunge ndoa, na bado nikiona pampu moyo unaruka! Maua yetu yalifika ukumbini ndani ya tela. Tangu siku hiyo mimi ni Bi Harusi, na mume wangu ni "mkwe".

Lakini kuna jambo ambalo wengi hamlijui. Mwaka juzi, asubuhi ya mvua, nilihesabu mabegi chini ya turubai badala ya kuhesabu watoto. Mabegi yalikuwa ishirini na manne, nikapiga filimbi tuondoke. Kumbe msichana mmoja wa darasa la kwanza alikuwa ametupia begi lake na kukimbilia ndani kuchukua koti la mvua. Mzee Tela aligundua kabla ya kuvuka barabara kuu. Hakupaza sauti. Aligeuza msafara mzima, turudi wote. Tulimkuta binti getini kwao, koti limefungwa vifungo vyote, akilia kwa hasira: "Begi langu mmelichukua, mimi mmeniacha!" Shuleni tulichelewa dakika hamsini, na Mzee Tela akamwambia mwalimu mkuu kwamba kosa ni la kiongozi, na kiongozi ni yeye. Mimi nilijificha katikati ya rafu za vitabu nikalia, nikaapa sitakaa mbele kamwe.

Ndiyo maana barua yake ya kustaafu, aliyoiandika Septemba kwa sababu ya magoti, ilikaa kwenye droo ya mwalimu mkuu. Kamati ilisema bila kiongozi msafara utavunjwa, na wazazi wa ng'ambo wakaanza kusema watoto watabaki nyumbani. Mzee Tela akaendelea kupanda mlima na magoti yake. Aliniomba mara tatu nishike nafasi yake, mara tatu nikakataa. Mume wangu alicheka, akasema tangu siku ile ya mvua nahesabu hata vijiko vikitoka kwenye maji. Bado nilikataa.

Jumatatu moja ya Februari nilifika kituo cha kwanza nikakuta tela limefungwa nyuma ya baiskeli yangu. Mwenyewe amesimama mwisho wa mstari, amefunga zipu ya koti, anatazama pembeni kama abiria. Watoto wakaangua kicheko: "Bi Harusi, usitupeleke fungate!"

Tulipofika barabara kuu njia ilikuwa nyeupe, hakuna gari. Niligeuka nikahesabu vichwa. Ishirini na vitatu. Wakubwa wakanung'unika kwamba tutachelewa, nikawaambia hatuvuki. Nikahesabu tena. Ndipo nikawaona, nyuma ya lori lililoegeshwa: mvulana mmoja mnyororo umemtoka, na Mzee Tela amesimama kando yake, akimsaidia kimya kimya bila kuniita. Alitaka kuona kama nitageuka. Tulisubiri. Tukavuka ishirini na wanne.

Tulipoingia getini alikwenda moja kwa moja ofisini, mikono imejaa grisi, akaomba barua yake isainiwe. Doa lipo hadi leo kwenye kona ya karatasi.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa kila mtoto uliyemfikisha na kila mzigo uliouvuta ili mgongo mdogo upumzike. Tunamshukuru na mama wa nyumbani kwako, aliyekuamsha saa kumi na moja miaka yote hii. Tunawatakia nyote wawili afya, mapenzi yasiyozeeka, na asubuhi ndefu za chai isiyo na haraka. Jumatatu lala hadi jua likufikie kitandani. Msafara utaondoka saa kumi na mbili na nusu, mimi nikiwa mbele, na watoto wote watafika.