Kivuko Kinachosubiri Marahaba

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Ndugu Mtendaji wa Kata. Shehe wetu na Katekista wetu, mnaokaa benchi moja kwa kuwa viti vya kukodi vimepungua. Wazee wangu wa kitongoji cha Relini, shikamooni. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Kimamba, Ulaya hii yetu ya jirani na hata Mikumi. Akina mama wenzangu. Vijana wa bodaboda mliozima pikipiki, na nyie ambao bado hamjazima: habari za mchana.

Kwanza naomba radhi. Nimechelewa sana kuiandika hotuba hii. Ndugu Oswald, mshereheshaji wetu, aliniambia niandike tangu mahindi yakiwa magotini, na leo mahindi hayo tumeshayapukuchua na mengine tumeshayala. Kila nikishika kalamu Kulwa analia, nikimtuliza Kulwa anaamka Doto, na wote wawili wakilala na mimi nimelala. Lakini nisiwasingizie watoto. Nilichelewa kwa sababu sikujua niandike nini. Hata sasa nilivyosimama hapa, kichwa changu kina maswali mengi kuliko majibu, mniwie radhi mkiyasikia kama yalivyo.

Tumekusanyika kumuaga baba yetu, Mzee Lupakisyo, aliyekuwa mwenyekiti wa kitongoji hiki tangu mimi sijajua kusoma. Wageni msiomfahamu, ni yule wa mbele mwenye kofia ya pama, mtoto wa fundi wa reli aliyekuja huku na treni akasahau kurudi kwao. Na mimi ni Yusrah, mama wa mapacha, niliyegombea naye, na kwa kura zenu nikakalia kiti chake.

Wakati wa kampeni kijana mmoja, simtaji jina ila Goodhope anajijua, alipaza sauti pale kijiweni: "Mama wa mapacha ataongoza nini? Mkutano ukianza, na mtoto naye anaanza!" Mzee Lupakisyo, ambaye ndiye aliyekuwa mpinzani wangu, akamgeukia. "Wewe Goodhope, huyu anaamua kesi ya watu wawili kila asubuhi kabla hajanywa chai. Wewe umeamua nini tangu uzaliwe?" Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Niwaulize, ndugu zangu, ni mpinzani gani anayekupigia kampeni? Hapo ndipo nilipoanza kutomwelewa huyu mzee, na sijaacha mpaka leo.

Maana siku ya kukabidhiana, hapa hapa, mbele ya Mtendaji, nilipiga goti nikamwambia, "Shikamoo, baba." Na yeye akavua kofia, akainama kunizidi, akasema, "Shikamoo, mwenyekiti." Shikamoo mbili zikakutana njiani, na marahaba haikutoka kwa yeyote. Ningejibu vipi? Mtu aliyeniona nimebebwa mgongoni na marehemu mama yangu, nimwambie marahaba? Doto akapiga chafya, angalau watu wakapata cha kuchekea.

Tangu siku hiyo ni hivyo hivyo. Bombani, sokoni, msibani: "Shikamoo, baba." "Shikamoo, mwenyekiti." Walionipigia kura wakaniambia, "Anakudhihaki huyo, usimjali." Waliompigia yeye wakasema, "Mzee anamwamkia, binti hata kuitika haitiki. Kishapata cheo huyo." Vijana nao wakaigeuza salamu hiyo mchezo, nikipita na ndoo kichwani nasikia nyuma yangu, "Shikamoo mweshimiwaaa!" Nilipochoka nikaenda kwa mkewe, Bibi Hildegarda, nikamuuliza kwa adabu kulikoni. Alikuwa anachambua matembele. Akaniambia, "Mwanangu, hata mimi sijui. Nilimuuliza, akasema kiti huamkiwa, hakiulizwi umri. Nikamwambia, kiti hicho hicho ulikikalia miaka yote, mbona humu ndani hakuna aliyekiamkia? Akaomba maji ya kunywa."

Haya yangekuwa ya kuchekesha tu kama si kivuko. Masika ilibeba kivuko chetu cha magogo kule korongoni, na watoto wa ng'ambo wanaokwenda shule sasa wanashuka korongo wameshikana mikono, kwa vile ni kiangazi na kule chini kuna mchanga. Vuli ikifika hapatakuwa na mchanga. Niliitisha msaragambo, kazi ya pamoja ya kukijenga upya, na mkaja. Sikuamini macho yangu: mkaja na majembe, mkaja na masururu, hata waliokuwa hawasalimiani wakaja. Na desturi yetu mnaijua, kwamba jembe la kwanza hupigwa na mkubwa, na kabla yake hakuna anayegusa ardhi. Nikasema, "Baba, tuanzie." Akasema, "Mwenyekiti yupo, mimi nitatanguliaje?" Nikasema, "Siwezi kukutangulia wewe, baba." Akasema, "Na mimi siwezi kukipita kiti." Watu wa upande huu wakasimama na majembe begani wananisubiri mimi, wa upande ule wanamsubiri yeye. Jua likapanda. Uji ukapoa. Mwishowe mmoja akakumbuka kwamba hajafunga mbuzi, akaondoka, na wengine nao wakakumbuka mbuzi wao, hata wale wasiofuga.

Sasa nambieni, tuligombana? Hapana. Nani alimtukana mwenzake? Hakuna. Tuliheshimiana mpaka kazi ikalala. Na wiki ile ile Joyce, binti wa jirani yangu Magreti, aliteleza pale juu akaporomoka na begi lake mpaka chini. Goti lilichubuka, limepona. Lakini Magreti alikuja kwangu akaketi mlangoni, hakulia, hakugomba, akaniuliza tu: "Mama Doto, kwani mnasubiri nini?" Nimwambie tunasubiri heshima ipite? Heshima gani hiyo inayopita huku mtoto hawezi kupita?

Baba Lupakisyo, swali hili nimelala nalo, nimeamka nalo, nimelinyonyesha pamoja na watoto. Bado sijui. Kama ilikuwa dhihaka, nimeshaisamehe, na wala usiniombe radhi maana nitazidi kuchanganyikiwa. Kama ni heshima, imenizidi kimo, kama gauni la dada mkubwa. Siku nyingine nakutazama naona mtu anayenifundisha kazi, siku nyingine naona mtu anayeumia kimya kimya, na pengine ni yote mawili, nani ajuaye. Lakini jana nikifua nepi likanijia jambo moja. Kama kweli unakiamkia kiti, basi anayekiamkia kiti hupokea na neno lake. Si ndivyo ulivyotuongoza wewe miaka yote, ukatusuluhisha kwa kukaa kimya mpaka wagomvi wachoke, kisha ukasema neno moja na hakuna aliyeleta ubishi?

Basi neno la kiti ni hili. Jumamosi tunarudi korongoni, na jembe la kwanza ni lako, baba. La pili ni langu. Baada ya hapo hakuna wa kwangu wala wa kwake, kuna wa kuchimba na wa kubeba. Na wewe Goodhope, ukinipigia tena shikamoo ya kuvuta, uwe umepakia mawe ya msingi kwenye pikipiki yako.

Nawashukuru kwa masikio yenu na kwa jua mlilolivumilia, na namshukuru aliyenishikia Doto, ingawa naona na yeye kalala.

Vitu ambavyo bado havijanifikia, naomba viletwe kabla ya Jumamosi. Mheshimiwa Diwani, misumari ya inchi sita uliyoiahidi msibani kwa Emanueli. Uje nayo mwenyewe, usiitume. Ndugu zetu wa Ulaya, gogo moja zaidi la mti mgumu, maana katika yale mliyoleta moja lina mchwa. Kimamba, kamba za katani, zile nene, si za kufungia mbuzi. Msikitini, sufuria kubwa. Kanisani, mwiko mrefu wa kusongea, na mpishi wa kuushika. Kila nyumba, mtu mmoja mwenye nguvu. Isiyo na mtu, kisado cha maharage.

Na kimoja cha mwisho, hakihitaji pikipiki. Baba Lupakisyo, upo hapo mbele, na kofia umeanza kuivua. Irudishe kichwani, baba. Kiti kimesema. Shikamoo.

Sishuki hapa mpaka niletewe marahaba yangu.